Velo Mbili za Kyungu na Kabange

Siku ya kwanza ya juma, 4 Juni 1956

Kabange ameshinda! Mara ya tatu! Mwanangu, joki wa kwanza wa Elisabethville, ameshinda tena jana, na minyi nilikuwa hapa Kamina nimeinama natwanga mihogo kama mwanamke asiye na mutoto mwenye jina. Mashinisti wa gari ya moshi njo alileta habari. Alipiga kelele toka barabarani. Mchi ukabaki juu mkononi.

Farasi nane. Yeye wa nane mpaka kona ya mwisho. Bantu walimcheka. Kiisha akamwachilia farasi wake Bijou, na Bijou akapita mmoja, wawili, wote. Sawa na mara ile ya kwanza. Sawa na ya pili. Hapigi fimbo. Anangoja wengine wachoke na haraka yao.

Sishangai. Siku nilipozaa mapasa, Kyungu alitoka mbele, analia, anataka wote wamwone. Kabange alingoja. Mkunga alishanawa mikono, akizani tumemaliza. Ndipo huyo, kimya, macho wazi. Kungoja hakufundishwa na muntu.

Jirani yangu Mama Ngoie akasema, "Mutoto wako siku moja atangoja mpaka farasi zingine zitarudi nyumbani kula." Wivu. Bwana yake hata velo ya magurudumu mawili hajui kupanda.

Tarehe 17 njo mbio kubwa ya mwaka. Nimeanza novena, sala za siku tisa.

Siku ya ine, 7 Juni

Kyungu amerudi toka kazi yake kwenye Base ya askari na velo nyeusi. Kapiteni mmoja amempa, sababu alitengeneza motokari yake iliyoshinda mafundi wazungu wawili. Fundi mwanangu! Mmoja kwa farasi, mmoja kwa vyuma.

Lakini velo moja. Nikamuuliza, ya Kabange iko wapi? Akacheka. Nikamwambia usicheke. Mapasa hawapewi kitu kimoja. Tangu wananyonya, shati mbili, kikombe mbili, hata samaki nilipasua katikati ya mgongo. Ukimpa mmoja na kumsahau mwingine, aliyesahauliwa anagonjwa. Mama yangu aliniambia, na mama yake alimwambia.

Kesho nakwenda Base.

Siku ya tano, 8 Juni

Nimekwenda. Nimevaa kitambaa changu cha Pasaka. Askari wa mlangoni alitaka kunirudisha, nikamwambia mama wa mapasa harudishwi, akaogopa. Kapiteni ni muntu mwema, mrefu, uso mwekundu. Nikamweleza desturi. Akacheka mpaka akakaa chini. Kiisha akatuma muntu alete velo ya pili, nyeusi vilevile.

Aliuliza kama Kabange wangu njo yule joki. Nikasema njo yeye. Akaninunulia limonade. Tulizungumza sana, Kyungu akitafsiri. Kapiteni anapenda farasi. Nilifurahi, sikumbuki yote niliyosema.

Velo ya Kabange imekwenda na gari ya moshi leo hii. Soko zima linajua. Nimehakikisha.

Siku ya sita, ya posho, 16 Juni

Mbio ni kesho. Nimeunguza mboga ya sombe.

Kyungu ameleta habari ambayo siipendi. Kapiteni iko na farasi wake Elisabethville, jina Tambour. Kesho Tambour atakimbia na Bijou.

Nikasema, basi, Kabange atampita kama wengine. Kyungu aliinua kichwa. Aliniangalia tu. Nikamuuliza unaangalia nini. Akasema, "Mama, siku ile ulimweleza kapiteni mambo mengi."

Sitaki kuwaza hayo.

Siku ya kwanza, 18 Juni

Ameshindwa.

Kwa kichwa. Kichwa tu cha farasi! Tambour wa kwanza, Bijou wa pili. Mashinisti alileta habari tena, lakini leo hakupiga kelele. Alishuka, akaja mpaka mlangoni, akavua kofia. Nilizani mutoto amekufa.

Anasema Bijou alikaa nyuma muda mrefu sana. Mrefu kupita siku zote. Bantu walilia, "Pita! Pita!" Hakupita. Alipotoka, alikuwa amechelewa.

Mama Ngoie alikuja na bakuli ya unga, kama kwenye kilio. Nikamrudisha na unga wake. Sasa naona haya. Alikuja kwa wema.

Siku ya tatu, 20 Juni

Wanasema Kabange aliuza mbio.

Mwanangu. Aliuza. Wanasema alimzuia Bijou makusudi ili Tambour ashinde. Na bei yake ni velo. Alikuwa anaipanda kila asubui kwenda kwa farasi, nyeusi, inang'aa, na kila muntu aliuliza imetoka wapi, na yeye, mutoto asiyejua uongo, alisema imetoka kwa kapiteni wa Kamina.

Bazungu wa komisyo inayosimamia mbio wamemkataza kupanda. Watamwita siku ya ine, tarehe 28. Wakiona ana kosa, hatapanda tena siku yote ya maisha. Yeye anajua farasi tu. Alianza na miaka kumi na miwili, akisafisha mavi yao.

Velo niliiomba mimi. Kwa kinywa changu. Kyungu anataka kurudisha velo zote mbili kwa kapiteni. Nimemkataza. Mwizi njo anarudisha.

Sikula.

Siku ya tano, 22 Juni

Barua ya Kabange imefika kwa mkono wa mashinisti. Fupi. Naandika hapa maneno yake, ili nisiyasahau kwa hasira:

"Mama, sikuuza. Minyi nilingoja mlango, mlango haukufunguka. Sijui kwa nini. Kwa komisyo sitasema nilikosea, sababu sijui kosa langu iko wapi. Bora ninyamaze."

Kyungu alichora kiwanja cha mbio kwa makaa, kwenye sementi ya baraza. Tukaweka maharagwe nane, Bijou haragwe jeusi. Siku ya Pasaka Kabange mwenyewe alituonyesha hivi hivi. Farasi anayetangulia, akichoka, anatoka inje kwenye kona. Hawezi kujizuia. Akitoka, anaacha nafasi nyembamba kando ya uzio wa ndani. Hiyo njo mlango wa Kabange. Anakaa nyuma kwa ajili yake. Wengine wanazunguka njia ndefu, yeye anapita njia fupi, farasi wake iko na nguvu bado. Mbio tatu, mlango uleule.

Kyungu akasogeza haragwe la Tambour mpaka kona. Halikutoka inje. Aliliacha limebanwa na uzio. Akasema, "Joki wa Tambour alikaa hapa. Alijua, mama."

Nikapangusa maharagwe yote na mkono wangu. Yakatawanyika mpaka kwa kuku.

Alijua. Ni nani alimwambia?

Siku ya posho, 23 Juni

Ninaandika kweli, sababu hapa hakuna anayesoma.

Ni minyi. Kapiteni aliuliza, na limonade mkononi, "Mama, mwanao anashindaje?" Na minyi, badala ya kusema ni Mungu, nilichora kona kwa kidole juu ya meza yake. Nilimwonyesha mlango. Nilisema hakuna joki mwingine mwenye akili ya kuuona. Nilijisifu mpaka nikamaliza yote. Kyungu alinikanyaga mguu, nikazani anatafuta nafasi ya kukaa.

Mbio iliuzwa, njo. Aliyeuza ni mimi, kwa limonade, na sikujua nauza.

Nimekwenda kuungama. Padri alinipa sala kumi. Ningetaka anipe mia.

Siku ya kwanza, 25 Juni

Nilirudi kwa kapiteni. Bila kitambaa cha Pasaka. Hakucheka leo, alishasikia habari za Kabange na alikuwa na huzuni. Ameandika karatasi: velo zote mbili alizitoa sababu ya kazi ya Kyungu na desturi ya mapasa, mama aliiomba ya pili, joki hakujua. Ameweka sahihi na muhuri.

Nikamuuliza, ulimwambia joki wako habari ya mlango? Akasema, Kyungu akitafsiri taratibu, "Mama, ningekaa nayo bure? Mbio ni mbio."

Sikuweza kumchukia. Yeye alimwambia muntu mmoja, mimi naambia soko zima.

Karatasi inaosha velo. Haioshi mbio. Watauliza tu, kwa nini alikaa nyuma muda ule wote? Na Kabange atanyamaza, kiburi kama mama yake.

Kesho napanda gari ya moshi. Kyungu hawezi kuacha kazi. Maharagwe nane yako ndani ya kitambaa.

Siku ya tatu, 27 Juni. Elisabethville

Nimelala kwa dada yangu mdogo. Kabange alikuja. Amekonda, yeye ambaye alikuwa mwembamba tayari. Alikula bukari, ule ugali wetu, kidogo sana, kama kuku. Velo ameifunika na gunia nyuma ya nyumba, hataki kuiona.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa mara tatu. Kinywa hiki kinachosema soko zima! Kikakauka.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Mama, weye unazani niliuza?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi nitalala." Akaenda.

Mimi sikulala.

Siku ya ine, 28 Juni

Imekwisha. Nitaandika yote.

Bazungu watatu na meza ndefu. Karani mweusi wa kutafsiri, na tai shingoni. Tajiri mwenye Bijou, Mugriki, alikaa kando. Kabange alisimama mbele yao na kofia mkononi. Walisoma karatasi ya kapiteni. Mzee wao akasema habari ya velo amesikia, na akanicheka kidogo, vizuri. Kiisha akamuuliza Kabange: kwa nini ulingoja?

Kabange akanyamaza.

Akauliza tena. Kabange akaangalia kofia yake. Yule wa kushoto akaanza kuandika. Nikaona ile kalamu inatembea. Nikasimama. Hakuna aliyeniita. Karani akaniambia, "Mama, kaa." Nikamwambia, "Kaa weye."

Nikafungua kitambaa. Nikaweka maharagwe juu ya meza ya bazungu. Nikachora uzio kwa chaki ya karani. Nikawaonyesha mbio ya kwanza, ya pili, ya tatu, Bijou nyuma kila mara, mlango kila mara. Nikasema, huyu hakuanza kungoja tarehe 17. Alingoja tangu tumboni. Kiisha nikaweka Tambour kwenye uzio. Nikawaambia aliyefunga mlango ni minyi. Nikawaambia limonade. Nikawaambia meza ya kapiteni na kidole changu. Karani alisita, hakutaka kutafsiri. Nikamwambia tafsiri yote.

Kabange aliniangalia. Sitaki kuangaliwa vile tena. Haikuwa hasira. Kama muntu aliyetafuta funguo nyumba nzima, na kuziona mkononi mwa mama yake.

Na bado haikutosha. Nikalazimika kusema na jambo la mwisho. Mimi, ambaye sijawahi kulisema tangu wazaliwe. Nikasema, "Na mutoto wangu alikosea. Aliona mlango umefungwa, akaendelea kubisha."

Kalamu ya yule wa kushoto ikasimama.

Ndipo Kabange akasogea mezani. Akachukua haragwe jeusi. Akasema, taratibu, kama anavyopanda: "Hata kama walijua, kosa ni langu. Hapa, kabla ya kona, njia ya inje ilikuwa wazi. Niliiona. Nilisema, bado. Nilizani mlango utafunguka sababu ulifunguka mara tatu. Hapa, mita mia moja nilipoteza. Bijou hakukosa. Minyi nilikosa." Akalirudisha haragwe mahali pake, kwa vidole viwili.

Mzee wa komisyo aliinama akaliangalia muda mrefu. Akamuuliza, ungepanda tena leo, ungefanya nini? Kabange akalizungusha haragwe inje, mapema, mbali na uzio. Likafika mbele ya Tambour.

Yule wa kushoto akafuta alichoandika. Nilimwona.

Tuliambiwa tungoje jibu. Inje, Kabange hakusema kitu mpaka barabara kubwa. Kiisha akasema, "Mama, limonade ilikuwa tamu?" Nikalia. Yeye akacheka. Njo namna yake, anachelewa, lakini anafika.

Siku ya posho, 30 Juni

Jibu limekuja. Hakuuza. Alipanda vibaya, hiyo imeandikwa, na atapumzika majuma mawili. Kupanda vibaya! Imeandikwa kwa kifaransa, na sahihi tatu. Karatasi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Mugriki amesema Kabange njo atampanda Bijou bado.

Siku ya pili, 3 Juli. Kamina

Tumerudi jana, mimi na Kabange. Velo yake ilikuja ndani ya behewa ya mizigo.

Asubui ya baridi. Nimeloweka mihogo. Velo mbili zimeegemea ukuta mmoja, mapasa yangu wamekaa chini kati yao. Kyungu anapaka mafuta mnyororo, Kabange anashika gurudumu. Hawasemi. Hawajawahi kuhitaji.

Mama Ngoie alipita. Akauliza Kabange atapandaje sasa, atatokea wapi, ndani ao inje? Nilijua jibu. Kabange alinionyesha ndani ya gari ya moshi, njia nzima mpaka stesheni ya Luena. Nikasema, "Sijui, mama. Muulize farasi."

Akashangaa. Na mimi pia.

Nimemwomba arudi na ule unga wake. Kinywaji chetu cha munkoyo kitakuwa tayari. Siku ya Mungu, tarehe 8, kiisha misa, majirani wote watakuja.