Mkono wa Wifi Hauna Kosa

Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila moyo si mzima. Natumaini magoti hayakusumbui sana kwa baridi ya huko nyumbani Mollo. Sikutaka kuyasema haya kwenye simu ya kaka, maana ile spika yake husikilizwa na nyumba nzima.

Huku tumemaliza kuvuna zabibu. Unajua kazi yangu: kiwanda kikishachachusha zabibu kwa hamira ya pakiti na kuzikamua, sisi wanawake tunabeba makapi na kuyamwaga kwenye mizabibu yawe mbolea. Misimu mitatu nimemwaga, hadi mpakani kwa mzee Malogo, jirani anayetengeneza mvinyo wake kienyeji. Yeye haweki hamira. Huponda zabibu, akafunika pipa, zikachacha zenyewe.

Mwaka huu mvinyo wake umechacha upesi na kutoka na ladha ileile ya kiwandani. Mtaalamu akaja kupima, akasema hamira yetu ya pakiti imetoka na makapi, ikaenea kwenye mizabibu, na sasa imeishinda ile ya asili ya kwenye maganda hata kwake. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe uliyekuwa unamwaga pale mpakani?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia, akaketi chini. Bora angenitukana.

Mama, hapo nikakumbuka mtungi wetu wa pombe.

Ile pombe ya ubatizo wa mtoto wa kaka, kuiva kwake mapema hakukuwa bahati. Siku chache kabla, ulikuwa umeenda kanisani, baridi kali, ulezi umelala tu bila kuchacha, nikaona tutaaibika mbele ya wageni. Nikamimina pakiti niliyotoka nayo kiwandani. Ukanisifu, nami nikanyamaza. Na kwa vile mtungi ule hatuusugui, machicha ya zamani ndiyo yanayochachusha pombe mpya tangu enzi za bibi, basi hamira ile imo humo mpaka leo.

Ndiyo maana pombe yako imekuwa kali na wazee wanaiacha nusu. Si mbegu ya ulezi. Wala si mkono wa wifi Yustina. Ulipomwambia ana mkono mbaya na kumkataza kugusa mtungi, mpaka akarudi kwao Kasense na mtoto mgongoni, mimi kwenye simu nilikuunga mkono. Naona aibu hata kuandika.

Nilitaka nikwambie uombe machicha kwa shangazi kule Mwimbi, kwani naye alichota kwenye mtungi wetu. Kisha nikakumbuka alichota siku ileile ya ubatizo, hamira ikiwa tayari imo, akaondoka anacheka.

Nisalimie kaka, najua atanuna, ana haki. Nisalimie katekista jirani yetu, na shangazi umweleze taratibu. Wifi simtumii salamu. Nenda wewe mwenyewe Kasense, mama, na magoti yako hayo, ukamsomee barua hii mbele ya wazazi wake. Akikataa kurudi, usimlazimishe.

Ni mimi niliyeuharibu mtungi,
binti yako Kalista