Mpaka mupya na mgongo wa Mama

Jumanne jioni

Basi wametukata. Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, alipita leo akasema avenyu yetu sasa iko ndani ya mji. Ng'ambo ya mto mdogo, kwa Mama, kumebaki teritware, yaani nje ya mji. Yeye na deputé wake bungeni, sisi na wetu. Na kila upande utapigia kura kwake.

Mama alipovuka kutuletea sombe, majani ya muhogo, nikamwambia. Nilifikiri atamkasirikia deputé. Wapi! Alimtazama Neema wangu, aliyekuwa ananyonya.

"Sasa miye nitabeba nani?"

Nilicheka sana. Huku kwetu siku ya kura mwenye mtoto mgongoni anapitishwa mbele ya foleni. Mara iliyopita tulienda pamoja, miye na tumbo kubwa la kaka yake Neema, tukapitishwa wote wawili. Tangu Neema azaliwe, Mama anangojea zamu yake ya kumbeba.

"Mama, huo ni ujanja."

"Ujanja? Weye magoti yako iko mupya. Yangu iko inalia."

Halafu akasema polepole kwamba safari hii atabaki nyumbani. Kicheko kiliniisha. Alipokuwa msichana, watu wa kwao walipiga kura pamoja na watu wa milimani, baadaye mpaka mwingine ukawatenganisha, na kila mara alienda kupiga. Sitaki mstari huu wa mpaka ndio umshinde.

Nikamwambia nitapiga kura yangu mapema, kisha nitavuka na mtoto, nimpe ambebe kwenye foleni ya kwake.

Mama akasimama. Alichukua kitenge, akamfunga Neema mgongoni palepale, akazunguka naye uani kujaribu.

Neema akalala.