Mwanafunzi wa Nje ya Ukuta

Mjukuu wangu Atupele,

Salamu nyingi kutoka Mbeya. Mama yako amemaliza kuvuna viazi. Mimi goti linaniuma, ila mdomo ni mzima, na kila Jumapili nabishana na mchungaji.

Kwa kuwa huko Iringa unakaribia kuolewa, unauliza kama baba mkwe wangu alinizuia kufundisha. Hakunizuia. Miaka ile ya hamsini nilifundisha watu wazima kusoma. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Nilimwambia babu yako kuwa huo ni upuuzi mtupu. Lakini baba yake alitaka kusoma Injili mwenyewe kabla macho hayajamwishia, na mwalimu nilikuwa mimi peke yangu.

Basi kila jioni niliandika herufi kwenye ubao wa pili, nikauegemeza ukutani nje kabla hajafika, kisha nikaingia darasani. Nilitamka ndani, naye akafuata nje, babu yako kando yake. Nilipokwenda haraka alisema, "Mwambie mkeo hatukimbizi mbuzi hapa." Darasa zima likacheka.

Jioni moja alisoma mstari mzima, akipumzika baada ya kila neno. Kisha, bila kumtuma babu yako, akauliza, "Mwalimu, nimesoma?"

Nikaujibu ukuta, "Umesoma, baba."

Nilikuwa na hoja nyingi kali juu ya mila ile, Atupele. Sikuzihitaji tena.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea ndoa njema.