Mbegu za Tasbihi

Mjukuu wangu Mwanaidi, uliye Lindi,

Kwa majonzi makubwa nakuarifu kwamba jogoo wetu ametuhama, sasa anawikia kwa jirani. Tuliobaki hapa Utende ni wazima. Mimi bibi yako nimechoka tu, uchovu usioisha kwa kulala.

Unauliza mbona mbegu zako za ua jekundu, zile watu wanazotungia tasbihi, hazioti. Hata zangu ziligoma nilipokuwa bi harusi. Mama mkwe alinipa nipande mlangoni, nikamwagilia mpaka mikono ikauma, hakikutoka kitu.

"Mkono wako hauotishi, mwanangu," akaniambia. "Naogopa na tumbo lako ni hivyo hivyo."

Nikajua nitarudishwa kwetu kwa sababu ya ua.

Siku moja tasbihi ya baba mkwe ikakatika uani, mbegu nyingine zikapotelea mchangani. Mvua iliponyesha zikaota, zikachanua nyekundu kama makaa.

"Baraka za dhikri," akasema mama mkwe, "na mkwe wangu ana mguu mwema."

Sikubisha. Nilikwisha choka.

Wewe sugua mbegu zako kwenye jiwe kabla ya kupanda. Zile za tasbihi zilikuwa zimetobolewa kupitisha uzi, maji yakaingia.