Mwenye Barua Mwenyewe

4 Februari

Mume wangu mdogo,

Hujambo? Mguu umepona, au bado unatembea kama kuku aliyefungwa kamba? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenigomea. Anayeandika hapa ni fundi cherehani, jirani yangu. Maneno ni yangu, na nimemwonya asinipambie hata moja.

Mjomba wako alikuja anafoka, eti huko shuleni unawafundisha watoto wa watu kwamba Mungu hayupo. Kweli? Nijibu moja kwa moja, usinizungushe. Na ule ushibe, jinga langu.

Bibi yako

13 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mguu umepona, ila ngazi za shule bado zinanikumbusha. Pole na magoti.

Sijasema Mungu hayupo. Nawafundisha kupima hoja. Mwanafunzi anasema, "Mungu yupo, kwa sababu maandiko yamesema." Namuuliza, "Maandiko tunayaamini kwa nini?" Anajibu, "Kwa sababu ni maneno ya Mungu." Hapo darasa zima hupiga kelele, "Palepale!" maana tumerudi tulikoanzia. Hoja ikianguka, Mungu haanguki nayo. Tunatafuta tu sababu inayoweza kusimama kwa miguu yake.

Lakini wazazi wamenishtaki. Mkuu wa shule ameitisha kikao, na wakinikataa sina kazi. Wao nitawavumilia, bibi. Wewe je?

Mjukuu wako

24 Februari

Mjukuu wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya. Nimesikitishwa mno na mafundisho yako. Acha kazi hiyo kabla ya kikao. La sivyo, usiniite bibi tena.

Wasalaam,
Bibi yako mpendwa

6 Machi

Bibi,

Shikamoo, kama bado naruhusiwa. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaitia mfukoni.

Kesho yake niliibeba yako darasani. Nikauliza, "Nitajuaje imetoka kwa bibi?" Mmoja akasema, "Si imeandikwa 'Bibi yako'?" Wenzake wote: "Palepale!"

Tukaiweka kando ya ile ya kwanza. Mwandiko ni mwingine, lakini wewe huandiki, huenda umebadilisha mwandishi. Haiulizi mguu. Hainitukani hata mara moja. Nikaanza kufurahi, msichana anayekaa dirishani akanikatiza: "Mwalimu, hizo ni dalili tu. Labda bibi amekasirika kweli. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza. Taja na jambo tunalolijua mimi na wewe tu. Kikao ni tarehe 21. Barua ya kuacha kazi bado iko mfukoni.

Mjukuu wako

15 Machi

Wee kichwa maji,

Mguu? Haya. Jambo letu hili hapa: ulipokuwa na miaka sita uliniibia sukari, kisha ukala nusu ya sabuni yangu ya kufulia ili dhambi itoke. Ukatema mapovu siku nzima. Sijamwambia mtu mpaka leo, na fundi ameacha kuandika, anacheka.

Ile barua aliandika mjomba wako. Yako ya kwanza aliipokea yeye akaificha, leo ndipo nimesomewa. Amekiri hapa, kichwa chini, eti alitaka kukuokoa. Nimemwambia, mdomo ninao, sijamkodisha mtu.

Sasa sikia. Mimi kitabu hata ukinipa juu chini sitajua. Mungu nilimjua mama yako alipofariki akaniachia wewe, mchanga, mgongoni. Nilikuwa nafua huku nagombana na Mungu, na kila siku nguo zikiisha nakuta bado nina nguvu ya kukubeba. Wanafunzi wako waipime hiyo wapendavyo. Wakiiona haitoshi, waseme. Mimi haitanivunjikia.

Ile ya mfukoni chana. Msichana wa dirishani mpe salamu, ana akili kukushinda.

Barua ya kukutetea situmi. Wazazi wale watauliza nani kaiandika, na watakuwa na haki. Fundi ananipunguzia gauni. Tarehe 21 niwekeeni kiti, ngazi zenu nitazipanda hata kwa makalio. Atakayetaka kujua kama kweli ni mimi, asubiri nifungue mdomo.

Bibi yako