Mabamba Juu ya Pumba

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi shule, nimebadili suruali, nimechimba. Saa kumi na moja mgongo ukagoma, nami sikuubembeleza. Mfereji wa kutandikia njia umefika nusu: kutoka mlango wa nyuma, kando ya bustani ya mchicha, kuelekea chooni. Mabamba ya zege ishirini na mawili yameegemea ukuta, yananitazama.

Mama anakuja Jumamosi kwa treni kutoka Mlimba. Masika yaliyopita aliteleza hapa hapa kwenye tope, akavunjika nyonga. Njia hii nilikuwa nimemwahidi mwaka mzima kabla. Siku anaanguka nilikuwa sebuleni nasikiliza mpira. Tangu hapo anaishi kwa dada yangu. Sasa amekubali kuja kuangalia tu. Begi hafungui, amesema, mpaka aone anakokanyaga.

Namtaka nyumbani. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza mfereji na nimepanga mabamba yote leo! Mchanga uko mbali, mashine ya kukoboa mpunga iko jirani, na pumba ni za bure. Nimemwaga magunia sita, nikasawazisha kwa ubao, nikaweka mabamba, moja kwa kila hatua. Yamekaa sawa kama altare.

Mke wangu akapita juu na ndoo. "Baba Neema, mbona inanesa kama godoro?"

Nikamwambia itajikaza yenyewe. Na mimi ndiye ninayewafundisha kidato cha pili habari za udongo. Mungu awasaidie watoto wale.

Jumatano, 5 Machi
Majivu kanisani. Mgongo. Nimesahihisha madaftari nikiwa nimelala kifudifudi. Kasiani, jirani yangu, mstaafu wa genge la kutengeneza reli na mtani wangu, amechungulia juu ya uzio: "Mwalimu, umemzika nani huyu mrefu hivi?" Nimejifanya sijasikia. Mawingu yamejaa upande wa milimani.

Alhamisi, 6 Machi
Imenyesha tangu alfajiri. Pumba zimeelea. Mabamba mengine yamezama upande mmoja, mengine yamebinuka. Kisha wakaja kuku. Ndani ya pumba kuna chenga za mchele; kila kuku wa mtaa huu analijua hilo isipokuwa mimi. Wamefukua chini ya kila bamba.

Mke wangu alikanyaga la tisa, likapinduka. Akakaa chini, puu, na ndoo yake. Hakuumia. Akaokota ndoo, akapita kwenye majani.

Ingekuwa Mama.

Nimesimama nyuma ya choo kitambo kirefu. Aibu. Hofu. Nimefikiria kumpigia dada amzuie.

Ijumaa, 7 Machi
Sikupiga. Nimeomba ruhusa, nikatoka shule mapema. Nimemkuta Kasiani uani na beleshi na toroli, kokoto na mchanga amekwisha kusomba; mke wangu amemweleza yote. "Miaka thelathini nimelala na reli, mtani. Sijaona treni ikipita juu ya pumba."

Tumezoa pumba zote. Tukaweka kokoto, tukashindilia kwa gogo. Mchanga wa mto Lumemo juu yake, tukashindilia tena. Nikadhani tumemaliza. Akauliza, "Hatua hizi umepima kwa mguu wa nani?"

Wangu. Mama anaburuta mguu. Hatua yake haifiki hata nusu ya yangu. Sikuwahi kulifikiria. Tukayasogeza yakaribiane, mwanya wa vidole vinne tu. Njia ikabaki na pengo la mabamba matano.

Kasiani akaondoka na toroli bila kuaga. Akarudi na mabamba matano. Nayajua: ni ya mlangoni kwake. Masika yote haya atakanyaga tope yeye. Nikafungua mdomo.

"Funga, mtani. Mchanga utaingia."

Perege na wali. Kasiani kala sahani mbili. Angekula sufuria nzima ningefurahi.

Jumamosi, 8 Machi
Treni imechelewa, kama kawaida yake. Mama amefika jioni. Shikamoo, marahaba, begi miguuni. Akasema anakwenda chooni, peke yake. Tumebaki mlangoni watu watatu, mimi, mke wangu na Kasiani, tukijifanya tunazungumza.

Anagonga bamba kwa fimbo, anasikiliza, anakanyaga. Anagonga la pili. Yote ishirini na saba. Akarudi vilevile.

"Nani kajenga?"

"Kasiani."

"Nilijua si wewe."

Kasiani kacheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nimecheka, macho yamejaa maji. Begi bado limefungwa.

Jumapili, 9 Machi
Imenyesha tena. Nimeamshwa na fimbo: ko, ko, ko. Katikati ya njia ikanyamaza. Nimeruka kitandani, nikachungulia dirishani.

Amesimama imara, anawatupia kuku chenga.

Barazani, kwenye kamba, khanga zake tatu zimeanikwa.

Asante, Mungu. Baada ya misa naanza mlangoni kwa Kasiani. Kokoto kwanza.