Mgeni wa Mama Limi Kanisani

Zahanati, Lalago

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umeacha kuvimba na korosho mmekwisha kuziokota. Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu, na nakuandikia ili nipate kupumua.

Kaka amekwisha kukuambia habari ya mtoto aliyefia mikononi mwangu. Alikuwa pacha, Kulwa, akaletwa kwa homa macho yameshageuka. Nilimchoma sindano, lakini hakupona. Tangu siku hiyo wanasema ni sindano ya mgeni wa kusini iliyomwua. Watoto wanakohoa majumbani, nawasikia nikipita, na hakuna anayeletwa. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia kwa upole kwamba zahanati isiyo na wagonjwa haihitaji muuguzi. Na huo upole wake siuamini.

Basi Jumamosi jirani yangu, Mama Limi, akanialika kanisani kwao. Tangu watu wahamishiwe hapa na nyumba zipangwe mistari, mlango wake unatazamana na wangu, wala hajawahi kuniomba hata chumvi. Kwa nini sasa? Nikajua wanataka kunisimamisha mbele ya watu niungame uchawi. Lakini nikikataa wangesema nimekiri, nikaitikia.

Jumapili asubuhi akanifuata. Akanifunga kitambaa, maana kwao mwanamke haingii kichwa wazi, akanibebea na kigoda. Nilitaka kukaa karibu na mlango. Yeye akanishika mkono mpaka katikati, upande wa wanawake, akaniweka kati yake na mama mmoja mnene. Nikaona nimezibiwa njia.

Ibada yao si kama yetu, Mama. Hawana ubani wala kengele. Mimi kwa mazoea nilipiga goti na kufanya ishara ya msalaba, vichwa vyote vikageuka. Palepale Mama Limi naye akapiga goti, ingawa kwao hawafanyi hivyo, na wanawake wa nyuma wakamfuata. Nilikasirika, nikidhani wananidhihaki.

Mzee aliyehubiri alisema Kisukuma, na Mama Limi alinitafsiria sikioni. Kuna mahali mzee alisema kwa kirefu akinitazama mimi tu. Nikauliza amesema nini. Akanijibu kwamba amesema karibu. Maneno yote yale, karibu peke yake?

Ndipo mama yake Kulwa alipoinuka kule nyuma. Sikuwa nimemwona. Alikuja akipita katikati ya wanawake, anaongea bila kunyamaza, na Mama Limi akaacha kutafsiri kabisa. Niliangalia mlango, uko mbali. Nilisema moyoni, leo ndiyo leo. Yule mama akachuchumaa mbele yangu, akafungua mbeleko, akamweka mapajani mwangu Doto, pacha aliyebaki.

"Anasema huyu naye anakohoa," Mama Limi akaniambia. "Anataka umsikilize hapa hapa, watu wote wakiona."

Sikuwa na kifaa chochote. Nikainama nikaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Kanisa zima likanyamaza ili nisikie. Kifua kilikuwa kibaya, Mama. Nikasema tuondoke sasa hivi, na tukaondoka kwenda zahanati ibada haijaisha. Kumchoma yule mtoto niliogopa kuliko siku zote za kazi yangu. Mama yake akanishika kiwiko mpaka nikamaliza.

Nimemweka hapa kwangu, yeye na mama yake, tangu Jumapili. Leo amenyonya vizuri. Lakini bado sijatulia. Sijui kama walinialika kwa kunionea huruma au kwa kunijaribu, na Mama Limi nikimwuliza anacheka tu na kuniuliza kama nitakwenda tena.

Nisalimie baba, na kaka fundi baiskeli, na shangazi wa vitumbua, na bibi mzaa baba ambaye najua atataka asomewe barua hii mara mbili. Mwombeeni Doto kwa jina lake. Huyu naye akinifia, mtaniona mlangoni na sanduku langu.

Ni mimi mwanao,
Agnesi

Nimeifungua barua tena kabla ya kuipeleka. Nilisikia hodi nikashtuka. Ni mama yake Doto, alikuwa ametoka kuchota maji. Amerudi na akina mama wengine, kila mmoja ana mtoto mgongoni, wanauliza kama nimeshafungua zahanati.